Jina la Jhorna

Sohrab alifika saa nane na nusu, na shangazi yake alitarajiwa saa kumi. Mchumba anayemtangulia mkubwa wake kwa saa moja na nusu hakuja kunywa chai. Wifi Dilruba, mke wa kaka yake Mehrin, mwanamke ambaye miaka kumi na miwili ya ndoa haikumpunguzia macho, alilijua hilo kabla hajaondoa komeo la geti.

"Shemeji, leo umekimbia mbwa au umemkimbia shangazi?"

"Naomba dakika kumi na Mehrin, shemeji. Kumi tu."

"Dakika zako kumi nazijua mimi. Mara ya mwisho maziwa yalifurika jikoni mara mbili." Kisha akamtazama vizuri, akaona macho mekundu na ndevu za siku tatu, na mzaha ukamtoka. "Pita barazani. Mlango nauacha wazi. Nakaanga singara za wageni, lakini masikio yangu hayako kwenye karai."

Mehrin alikuwa chumbani, na ile sauti ya kiume getini ilimfikia kifuani kabla ya masikioni. Siku tisa hakuwa ameuona uso ule. Alijitanda shali yake ya rangi ya haradali, akaivua, akajitanda tena, akajikasirikia kwa kujipamba siku kama ile. Alimpenda. Hilo tuliseme mapema kabisa, maana yatakayofuata yanaweza kumfanya mtu adhani vingine.

Walipendana miaka miwili, kwa adabu na kwa wizi wizi, tangu Sohrab alipokuwa mwaka wa mwisho chuoni na yeye mwaka wa kwanza. Sohrab alipopata kazi ya uhandisi wa umeme mjini Bogura, hakuzungukazunguka. Alimtuma shangazi yake kuleta posa. Shangazi Hosne Ara ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na neno lake ndilo lililokuwa neno la nyumba. Alikuja mwezi wa Kartik, mvua zilipokwisha, na vyungu viwili vya mtindi mtamu, akamvisha Mehrin pete kwa mkono wake mwenyewe. Kabla ya kuondoka, kama ilivyo ada, akaomba kiatu cha bibi harusi mlangoni, akakiweka juu ya gazeti na kukizungushia kalamu, apate kipimo cha viatu vya sanduku la harusi. Kilikuwa kubazi la ngozi nyekundu iliyoiva, bizimu yake ilikuwa imepotea, na fundi alikuwa ameshona kifungo cha shati mahali pake. Shangazi alicheka alipokiona kile kifungo.

"Mwenye kiatu hiki hatafuji mali ya mume," alisema, na wote wakacheka.

Kumbe kicheko kile kilikuwa kimekichora kifungo kichwani mwake zaidi kuliko kalamu ilivyochora gazetini.

Chuoni kwa akina Mehrin kulikuwa na chumba ghorofa ya juu ya maktaba, cha mwisho kabisa, cha mshauri nasaha. Mshauri mwenyewe wanafunzi walimwita Shirin Apa, yaani dada yao. Mama yule alilinda siri za watoto wa watu kama wengine wanavyolinda dhahabu. Hakuandika jina la mtu, alitoa namba. Alitundika pazia zito. Aliomba chumba chenye ngazi ya nyuma ili anayetoka asikutane na anayeingia. Ndani aliondoa meza na viti, akatandika mikeka na mito, ili mwanafunzi akae chini kama yuko kwao. Na hapo ndipo aliposahau kitu kimoja. Hakuna mwana wa Bangla anayekanyaga mkeka na viatu. Kwa hiyo kila aliyeingia kwa siri aliacha viatu vyake nje ya mlango, mchana kweupe, na bweni zima linajua kiatu cha nani ni kipi. Wajanja walianza kwenda na kandambili za kuogea, tena za kuazima. Mehrin hakuwa mjanja wa namna hiyo.

Shangazi Hosne Ara alikwenda chuoni kufanya uchunguzi wake, kama wanawake wakubwa wafanyavyo kabla tarehe ya ndoa haijapangwa. Alipanda maktaba kumwona mama mmoja aliyesoma naye zamani, akapotea korido, akakikuta kile kifungo cha shati kimetulia nje ya mlango wa mwisho. Akamuuliza mfagiaji, "Humu kuna nini?" Mfagiaji akajibu alivyojua yeye: "Humu wanakuja wenye matatizo ya kichwa."

Jioni ile ile simu ikapigwa kwa Wifi Dilruba. Tarehe isimame kwanza. Siku tisa zikapita hivyo.

Mehrin akatoka barazani. Sohrab akasimama. Hawakushikana mikono, hawakuwa wamewahi. Walitazamana tu, na ule utazamaji ulitosha kumfanya Mehrin ashike ukingo wa kiti.

"Umekonda," Sohrab alisema.

"Na wewe umeota kichaka."

Sohrab akacheka kidogo, akasogeza kiti, akainama mbele kama mtu aliyebeba zawadi mfukoni na hawezi tena kuivumilia.

"Mehrin, nimelimaliza. Usihangaike tena."

"Umelimaliza nini?"

"Lile la Shangazi. Nimemwambia hukwenda kule kwa shida yako. Ulikuwa unamsindikiza Jhorna, mwenzako wa chumbani. Yeye ndiye mwenye matatizo, wewe una huruma tu. Shangazi kaniuliza mara tatu, nikashikilia hapo hapo, mwisho karidhika. Leo atakuuliza mbele ya watu, na wewe useme ndiyo. Neno moja, Mehrin! Mwezi wa Poush, baridi ikiingia, tunaoana."

Kutoka jikoni yalisikika mafuta yakilia kwenye karai.

"Lini ulimwambia?"

"Jumatatu."

"Na yeye akamwambia nani?"

"Amwambie nani tena? Alitaka uhakika tu. Unamjua Shangazi, hata samaki hamnunui mpaka amfunue mashavu. Ana rafiki yake Sherpur, kwao Jhorna, akampigia simu amuulizie ule ukoo."

"Sherpur," Mehrin alirudia polepole. "Jana Mwalimu Sattar alikuja bwenini. Baba yake Jhorna. Hakumsalimia mtu. Alisimama mlangoni mpaka Jhorna akakunja godoro lake, akafunga vitabu kwa kamba. Nikamuuliza, 'Vipi wewe, katikati ya muhula?' Akaniambia, 'Nyumbani kuna shughuli.' Akanikumbatia muda mrefu mpaka nikamtania kwamba kwani anahamia Arabuni. Tangu jana simu yake haipatikani."

Rangi ya uso wa Sohrab ikabadilika.

"Sikujua."

"Hukujua nini? Kwamba Jhorna ana baba?"

"Mehrin, nilifanya kwa ajili yetu!"

"Punguza sauti. Kila mtu mwaka huu anafanya kwa ajili yangu. Kaka Monjur ameficha habari hii kwa ajili yangu, shangazi yako amesimamisha tarehe kwa ajili yako, na wewe umemfukuzisha mtu shule kwa ajili yetu. Hatujaoana bado, Sohrab, na tayari kuna mtu tumemkanyaga."

"Lakini mbona hakukana?" Sohrab aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuta mlango wa kutokea. "Si angemwambia baba yake, 'Si mimi, ni Mehrin'? Ningekuwa mimi ningesema."

"Najua ungesema."

Lilimchoma, na Mehrin aliona limemchoma, na moyo wake ukamuuma kwa sababu mkono aliokuwa anautazama juu ya goti ni ule ule aliokuwa akiuota. Lakini neno lake hakulifuta.

"Siku tisa hizi tumeongea kwa simu mara ngapi?" akamuuliza. "Uliniuliza nani aliniona. Uliniuliza ilikuwa saa ngapi. Uliniuliza kwa nini sikuvaa kandambili za kuazima kama wenzangu. Umewahi kuniuliza hata siku moja nilikwenda kufanya nini kule?"

Sohrab alijikuna ndevu.

"Niambie tu. Umewahi?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Niliogopa jibu," alisema. Angalau hilo halikuwa uongo, na Mehrin alilipokea kama lilivyo.

"Basi leo utalisikia, maana sijui kama kutakuwa na siku nyingine. Hakuna aliyeniumiza, Sohrab. Hakuna aliyenitukana, hakuna aliyeniacha. Ndiyo maana nilishindwa kumwambia mtu. Ningeanzia wapi? Tangu mwezi wa Baishakh, wakati wa joto, nilikuwa nafungua kitabu, herufi zinanitazama, mimi nazitazama, basi. Chakula kikawa mchanga. Watu wakicheka chumbani nawasikia kama wako nyumba ya pili. Kwenye mtihani niliandika jina na namba yangu, nikakaa saa tatu nikiisubiri kengele. Wewe ulikuwa unanipigia kila jioni, nami nakujibu 'niko salama,' halafu nikikata simu sikumbuki umesema nini."

"Ungeniambia."

"Ulikuwa na furaha ya kazi mpya. Na mimi nilikuwa naona haya." Alivuta shali. "Siku moja nilikaa kwenye ngazi za bwawa la bweni. Nikawaza, nikikosekana mimi, kesho watu wataita majina darasani, watavuka langu, wataendelea. Na wala sikuwa na huzuni. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba sikuwa na huzuni."

Jikoni karai lilikuwa kimya. Wifi Dilruba alikuwa ameepua.

"Jhorna akaja na ndoo ya nguo za kufua. Akanitazama, akaitua ndoo pale pale. Hakuniuliza kitu. Alinishika mkono, hakuuachia mpaka mlangoni kwa Shirin Apa, na yeye hakuingia ndani. Alikaa kwenye ngazi ya nyuma saa nzima akinisubiri. Nilipotoka nikamwambia, 'Usimwambie mtu.' Akasema, 'Nimwambie nini? Sijaona kitu, sijui kitu. Twende tukale fuchka.' Hiyo ndiyo ahadi yake. Baba yake amemkunjisha godoro, ameacha masomo, na bado hajaivunja. Na huyo ndiye uliyemtaja wewe."

Sohrab aliinamisha kichwa. Machozi yalimtoka bila sauti, yakamdondokea mikononi, na hakuyafuta. Mehrin alitamani kunyoosha mkono. Kati ya viti vyao hapakuwa hata na hatua mbili, lakini siku ile hatua zile zilikuwa nyingi.

"Sasa hivi uko vipi?" Sohrab aliuliza kwa sauti ndogo. "Mehrin, sasa hivi unajisikiaje?"

Swali lenyewe, limekuja limechelewa hivyo. Mehrin alitaka kulijibu. Lakini getini honi ililia mara mbili, na Wifi Dilruba akatokeza kichwa, macho yake mekundu, na safari hii si kwa moshi wa mafuta.

"Wamefika. Shangazi yenu naye haijui saa kumi."

Katika ujia wa kuingilia sebuleni, Kaka Monjur alimshika Mehrin kiwiko. Alikuwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa na alinukia manukato ya msikitini. Wazazi wao walipofariki yeye ndiye aliyebaki na dada mdogo mkononi, na alimlea vizuri. Hilo halina ubishi.

"Sohrab kanieleza kwenye simu," alinong'ona. "Ni mpango mzuri. Akikuuliza, sema ndiyo."

"Kaka, unajua kwamba Jhorna—"

"Mambo ya Jhorna yana wenyewe. Mimi nimekulea miaka tisa, Mehrin. Nimewahi kukuomba kitu?"

"Hujawahi."

"Leo nakuomba. Ndiyo moja tu. Binti akirudishiwa posa kwa sababu ya kichwa, nani atakuja tena kubisha hodi hapa?"

Mehrin alikiondoa kiwiko taratibu. Aliingia na sinia ya chai.

Shangazi Hosne Ara alikuwa ameketi katikati ya kochi, sari nyeupe yenye ukingo wa buluu, mkebe wa tambuu mapajani. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, na si mbaya; tusimwonee. Kuna watu wanaopenda kwa kukagua, na yeye alikuwa mmojawao. Alimbusu Mehrin paji la uso, akamketisha pembeni yake, akala singara moja na kuisifu. Kisha akafungua mkebe na kuanza kupaka jani chokaa.

"Haya, mwanangu. Mimi sipendi kuzunguka. Nimeelezwa, lakini nataka kulisikia kwako. Kile chumba cha maktaba ulikwenda kwa ajili ya yule rafiki yako wa Sherpur, siyo?"

Kaka Monjur alikazia macho kikombe chake. Wifi Dilruba alisimama mlangoni na kitambaa mkononi. Sohrab alikuwa ameketi kwenye kiti cha ukutani, na Mehrin alipomtazama aliona midomo yake inacheza, kama anayetaka kusema jambo na pumzi haimtoshi.

Mehrin alijua vizuri alichokuwa nacho mkononi. Neno moja upande huu, kulikuwa na nyumba, kulikuwa na mwezi wa Poush, kulikuwa na yule mwanamume wa ukutani, maisha yake yote. Upande wa pili kulikuwa na msichana aliyeacha ndoo ya nguo ngazini.

"Hapana, Shangazi," akasema. "Nilikwenda kwa ajili yangu."

Jani la tambuu lilisimama hewani.

"Unasemaje?"

"Jhorna hajawahi kuingia mle. Yeye alinipeleka, akanisubiri nje. Mwenye shida nilikuwa mimi. Nilikuwa siwezi kula, siwezi kusoma, na nilikuwa nimechoka kuishi. Nimekwenda mara kumi na nne. Sasa nakula, nasoma. Bado nakwenda."

"Mehrin!" Kaka Monjur aliita.

"Mwache," Shangazi alisema bila kumgeukia. Alimgeukia Sohrab. "Na wewe ulinishikilia maneno yale kama umeshika Kurani, mara tatu."

"Nilikudanganya, Shangazi," Sohrab alisema. Sauti yake ilikwaruza. "Nilidanganya mara tatu zote."

Shangazi Hosne Ara alirudisha jani mkebeni, akaufunga. Alipoanza tena kusema, sauti yake kubwa ilikuwa imepungua.

"Binti, nikwambie kitu. Mume wangu alipofariki nilikuwa na miaka thelathini na moja. Nililia mwaka mzima. Nililia jikoni huku napika, nikamlisha huyu mtoto huku nalia. Nani alinitandikia mkeka na mto? Nani alinipa namba? Nilivumilia. Wanawake wa nyumba yetu huvumilia."

"Laiti mtu angekupeleka, Shangazi," Mehrin alisema.

Hakulisema kwa ubishi. Alilisema kwa sababu alimwona, yule mjane kijana mbele ya jiko, na alimhurumia. Shangazi alimtazama kwa muda mrefu. Kidevu chake kilitikisika mara moja, kisha akakikaza.

"Mimi nimekula miaka, mambo yangu yamepita," alisema. "Lakini watu watasema. Watasema Sohrab kaoa nini. Watasubiri watoto wenu wazaliwe wawaangalie vichwa. Hilo siwezi kulinunua. Utaendelea kwenda kule?"

"Jumanne saa nne nina zamu yangu."

"Hata nikikwambia uache ndipo ndoa iwepo?"

"Hata hivyo, Shangazi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilikuwa jirani naye, sitaki kurudi mtaa ule."

Kisha Mehrin akafanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Aliivua pete. Ilikuwa imebana kidogo, akaizungusha mpaka ikatoka, akaiweka kwenye sinia kati ya vikombe.

"Ila pete siivui kwa sababu ya watu watakaosema," alisema, na sasa alikuwa anamtazama Sohrab peke yake, na hakujali nani anaona. "Naivua kwa sababu ya Jhorna. Mtu anayenipenda hawezi kunificha nyuma ya mgongo wa mtu mwingine. Nakupenda, Sohrab. Nalisema mbele ya kaka yangu, anisamehe. Lakini siwezi kuivaa hii huku jina la Jhorna liko chini linakanyagwa."

Kaka Monjur alikuwa amefunika uso kwa kiganja. Shangazi Hosne Ara aliichukua pete, akaifunga kwenye ncha ya sari yake, mafundo mawili, akasimama.

"Sohrab, twende."

Sohrab akasimama. Alimtazama Mehrin, mtazamo ambao Mehrin hakuweza kuusoma, yeye aliyekuwa akijua kila kunjo la uso ule. Akamfuata shangazi yake. Geti likafungwa, gari likaondoka, na chai ikabaki kwenye vikombe.

"Umetuvunjia nyumba," Kaka Monjur alisema. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Hayupo atakayekuja tena. Umefurahi?"

"Sijafurahi, Kaka."

"Basi ulitaka nini?"

Mehrin aliinuka. Alikusanya vikombe, akaviosha kimoja kimoja, akavifuta, akavirudisha kabatini. Wifi Dilruba alisimama karibu naye, akawa anampokea. Jioni ilipoingia ukungu ukashuka, na Mehrin alisali magharibi, akasali isha, akakaa pale pale juu ya mkeka. Alikuwa hajalia. Alijichunguza kama Shirin Apa alivyomfundisha: hii ni huzuni, au ni ule utupu wa zamani? Ilikuwa huzuni. Iliuma kila mahali, na kwa namna ya ajabu alishukuru kwamba inauma.

Simu ikalia. Namba hakuijua.

"Hujambo, mtoro?" ilikuwa sauti ya Jhorna.

"Jhorna! Jhorna, nisamehe, nimesikia leo tu, wallahi nimesikia leo—"

"Tulia kwanza, hii simu ya baba na ananihesabia dakika. Mchumba wako yuko huku."

Mehrin aliketi wima mkekani.

"Si mchumba wangu tena," alisema.

"Haya, basi kile kichaka chenye ndevu. Kimekuja kwa pikipiki, kimelowa ukungu chote. Baba alimkaribisha kiti, hakukaa. Alisimama uani, majirani wanachungulia, akasema, 'Mwalimu, nimekuja kusema mbele ya watu. Binti yako hajawahi kuingia kile chumba. Nilimtaja kwa uongo ili nipate ninachokitaka. Kosa ni langu, na aibu ni yangu.' Mama akaanza kulia. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango."

"Na baba?"

"Unamjua baba. Akamuuliza, 'Kama si binti yangu, kiatu kilikuwa cha nani?' Akanyamaza. Baba akauliza tena. Akanyamaza. Mara ya tatu baba akainua ile bakora yake, akamwambia, 'Kijana, mimi jina la mwanangu limezungushwa Sherpur nzima. Nina haki ya kujua lilikuwa badala ya jina la nani.' Ujue, Mehrin, moyo wangu ulisimama. Nikasema sasa atalitoa, maana mimi siku mbili nimelishikilia kwa meno."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Mwalimu, nipige ukitaka. Nimeshamharibia mtu mmoja kwa kutaja jina. Hili si langu kulisema.'"

Mehrin aliiweka simu kifuani, kisha akairudisha sikioni.

"Upo?" Jhorna aliuliza. "Baba kaishusha bakora. Kasema Jumapili nirudi bwenini. Sasa hivi wako ndani, kamlazimisha kula, na yule mtu anakula huku analia, mama anamwongezea samaki kila akipangusa macho. Nimwambie nini? Ananitazama kila nikifungua mdomo."

"Mwambie nimesikia."

"Basi?"

"Basi. Mwambie tu nimesikia."

Alikata simu. Na hapo ndipo yalipokuja, machozi ya siku tisa na ya miezi mingi kabla yake, kwa kwikwi, kwa sauti, mpaka Wifi Dilruba akaja mbio kutoka jikoni na mikono ina unga, akamkumbatia pale chini kwenye mkeka.

"Mehrin! Nini? Nani amekufa?"

"Hakuna, wifi," Mehrin alisema, akimshikilia kwa nguvu zake zote. "Hakuna aliyekufa."